Tupeane uzoefu: turbo ya gari la zamani uliyohangaika nayo mwenyewe

Mwanzisha mada

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wenye magari ya michezo ya zamani yenye turbo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosti ili isukume hewa zaidi kwenye injini) ambao wanashika spana wenyewe. Leta kisa chako: gari lilikuwa na dalili gani, ulidhani nini, na ulipofungua ukakuta nini. Mkiweza elezeni mlivyolifikia tatizo, maana hapo ndipo wengine tunakwama.

Naanza mimi. Nina Nissan Silvia S14, injini SR20DET. Nilipoipata ilikuwa nzito, ukikanyaga inamwaga moshi mweusi na nguvu haiji. Kila niliyemuuliza alisema turbo imekufa, nunua nyingine. Nikavua mpira wa kuingizia hewa, nikashika ncha ya shafti kwa vidole. Kusukuma na kuvuta haiendi popote, mabawa hayajakwaruza kuta, oili haijavuja. Turbo ya namna hiyo haijafa.

Tatizo lilikuwa hewa kuvuja. Kwenye injini hii sensa ya hewa iko kabla ya turbo. Kompyuta inapima hewa inayopita pale na kutoa petroli ya kuitosha yote. Nyingine ikitorokea kwenye mpira uliopasuka huko mbele, petroli inazidi hewa, plagi zinajaa masizi, ndiyo ule moshi.

Nilikata kipande cha bomba la plastiki linaloenea kwenye mdomo wa kuingilia turbo, nikaziba upande mmoja, nikatoboa na kufunga valvu ya tairi, nikakaza kwa klampu. Nikajaza hewa polepole mpaka bar 0.5, karibu na presha ya kiwandani, huku napaka maji ya sabuni kwenye kila maungio. Povu likatoka sehemu tatu. Kubwa kuliko zote ilikuwa mpira wa intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), umepasuka upande wa chini, na ufa wenyewe unafunguka ukijazwa hewa tu. Kwa macho nilikuwa nimeupita mara nne. Ukisikia hewa inazomea kutoka ndani ya injini usishtuke, kuna silinda ambayo valvu zake ziko wazi. Ila usikae mbele ya kizibo, kikichomoka kinaumiza.

Nilibadilisha mipira na klampu, basi. Gari likaamka. Siku hizi sigusi presha ya turbo kwenye gari lolote kabla ya kufanya kipimo hicho.

Mchangiaji wa 1

Asante mkuu, kipimo hicho nakifanya wikiendi hii.

Changu ni Mitsubishi Lancer Evolution III, injini 4G63. Wenye injini hii mnajua nyuma ya mkanda wa taimingi (unaoongoza valvu zifunguke kwa wakati wake) kuna mkanda mdogo wa shafti za kupunguza mtetemo. Watu wanabadilisha mkubwa, mdogo wanauacha kwa sababu unaonekana mzima. Ukikatika, vipande vinaingia kwenye mkubwa, taimingi inaruka, pistoni zinakutana na valvu. Mimi nilibadilisha yote miwili, nikaona nimemaliza.

Nikawasha, ikawaka vizuri. Kupanda mizunguko 3,000 gari zima linatetemeka hadi usukani. Nilirudia kukagua alama zote, ziko sawa. Siku mbili sikulala vizuri. Shida ni kwamba shafti moja inazungushwa na pampu ya oili, na alama ya pampu inaweza kukaa sawasawa huku shafti iko nusu mzunguko nje ya mahali pake. Kuna boliti ya kuziba tundu ubavuni mwa bloku: ifungue, ingiza bisibisi nyembamba. Ikizama milimita 60 hivi, uko sawa. Ikigota kwenye 20 au 25, zungusha gurudumu la pampu mzunguko mmoja kamili kisha ujaribu tena. Yangu iligota. Nilifungua kila kitu upya, na mtetemo ukaisha kabisa.

Mchangiaji wa 2

Mazda RX-7 FD hapa. Injini yake, 13B-REW, ni ya rota zinazozunguka badala ya pistoni, na ina turbo mbili zinazopokezana: ya kwanza inaanza chini, ya pili inaingia karibu na mizunguko 4,500. Ikiwa nzima, geji ya presha ya turbo inapanda hadi paundi 10 (psi), inashuka kama 8 wakati wa kupokezana, inarudi 10. Yangu ilikuwa inaporomoka pale kwenye 4,500 na hairudi.

Kupokezana huko kunaongozwa na mipira myembamba ya vakyumu (mvuto wa hewa), solenoidi (valvu za umeme) na valvu za njia moja, rundo zima limejificha chini ya manifoldi (mabomba ya kugawa hewa kwenye injini). Injini hii ina joto kali, na baada ya miaka mingi mipira inakuwa mikavu kama vijiti, ukiigusa inakatika. Niliibadilisha yote kwa ya silikoni, mmoja mmoja: natoa mmoja, nafunga mpya, ndipo nahamia mwingine. Hata hivyo nilibandika lebo na kupiga picha. Valvu za njia moja nilizipima kwa mdomo, upande mmoja pumzi ipite, wa pili igome. Mbili zilikuwa zinapitisha kote. Geji ikarudi kwenye 10, 8, 10, na nilifurahi kama mtoto.

Ningeishia hapo. Nikafunga ekzosti pana. Moshi ukapata njia, turbo zikazunguka kwa nguvu zaidi, na westigeti ya kiwandani (valvu ya kupitisha moshi uliozidi pembeni ya turbo) ni ndogo, haikuweza kumwaga ziada. Presha ikawa inapita 10 yenyewe, mimi sijagusa kitu. Niliona kwenye geji nikajiambia ni neema. Petroli haikutosha ile hewa, injini ikagonga (mchanganyiko ukalipuka vibaya ndani), sili ya ncha ya rota ikavunjika. Injini ya pistoni inaweza kukusamehe ikigonga kidogo. Hii haisamehi. Nilipofungua, kipande kilikuwa kimepitia kwenye turbo kikaharibu mabawa. Nimeijenga upya na inatembea, lakini naomba yeyote mwenye FD: kabla ya ekzosti, panueni tundu la westigeti na mfunge geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli.

Mchangiaji wa 3

Pole sana mkuu. Kwangu turbo ilikuwa inatoa moshi wa bluu, nikafunga nyingine, moshi uleule. Oili hurudi kutoka kwenye turbo kwa kushuka yenyewe, haisukumwi. Bomba la kurudishia lilikuwa limebanwa nusu na silikoni ya kuzibia iliyomwagikia ndani, oili ikapanda na kupita kwenye sili. Pale wekeni gasketi tu.

Mchangiaji wa 4

Toyota MR2 SW20, injini 3S-GTE. Injini nyuma, rejeta mbele, mabomba ya maji yanapita chini ya sakafu. Nilibadilisha mpira mmoja tu wa maji, kisha injini ikawa inachemka huku rejeta imejaa. Ni hewa iliyonasa. Kuna valvu za kutolea hewa kwenye rejeta na kwenye hita. Unachomeka mipira myeupe inayoonyesha ndani, unaining'iniza juu, unafungua valvu, unajaza maji taratibu.

Mwanzisha mada

Hita unaiweka kwenye joto la mwisho? Na unajuaje hewa imekwisha?

Mchangiaji wa 4

Ndiyo, joto la mwisho. Maji yanapanda ndani ya mipira yenyewe. Yakikaa usawa mmoja bila mapovu, funga valvu, washa injini mpaka feni iwake, zima, ipoe kabisa, kisha rudia. Mimi nilirudia mara tatu.