Kilatini na Kigiriki pamoja, au Kilatini na lugha hai moja? Ulinganisho kwa anayeanza digrii

Mwanagenzi_HKL
Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri wa wanaozifahamu lugha hizi kwa undani. Tahasusi yangu ilikuwa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), Kifaransa nimefika nacho kidato cha nne. Nataka digrii ya kwanza ya lugha, na nimebaki na njia tatu:

A. Kilatini na Kigiriki cha kale pamoja, tangu mwaka wa kwanza.
B. Kilatini na Kifaransa.
C. Kifaransa na Kijerumani, lugha za kale niziache.

Nataka kujua mzigo wa kila wiki ukoje, watu hukwama wapi, na ipi inasaidia zaidi baadaye kwenye uzamili.

kamusi_mkononi
Karibu sana. Nianze na mzigo, maana hapo ndipo hesabu hukosewa.

Kilatini cha kuanzia sifuri chuoni kwa kawaida ni vipindi 4 au 5 kwa wiki. Kila kipindi kinataka si chini ya saa moja na nusu ya kazi yako mwenyewe, kila siku, si kwa mkupuo wa Jumapili usiku. Kitabu cha Wheelock, kwa mfano, kina sura 40. Ukienda sura 2 kwa wiki unakimaliza kwa wiki 20, yaani mihula miwili. Ukirudi nyuma wiki mbili tu, una sura nne za kufukuzia huku darasa likiendelea, na kila sura imejengwa juu ya iliyotangulia. Hapo ndipo wengi huacha.

Kigiriki hudanganya kwenye karatasi. Kilatini kina makundi 5 ya nomino na maumbo 6 ya uhusika (ule mwisho wa nomino unaoonyesha kazi yake katika sentensi). Kigiriki kina makundi 3 na maumbo 5. Mtu huona ni nafuu. Kumbe kitenzi cha Kigiriki ni msitu: kauli ya kutenda, ya kutendwa, na ile ya katikati (mtu anajitendea), aoristi (umbo la tendo lililopita, likitazamwa kwa ujumla wake), dhamira (umbo la kitenzi linaloonyesha nia ya msemaji) ya matamanio juu ya ile tegemezi. Kitenzi cha Kilatini unakikariri kwa maumbo 4 ya msingi, cha Kigiriki kwa 6. Tazama "kubeba": φέρω, οἴσω, ἤνεγκον, ἐνήνοχα, ἐνήνεγμαι, ἠνέχθην. Hakuna namna ya kulibashiri la tatu kutoka la kwanza. Unakariri, basi.

Msamiati nao una hesabu yake. Chuo cha Dickinson kimetoa bure mtandaoni orodha za maneno yanayojirudia zaidi: takriban 1,000 ya Kilatini na 500 ya Kigiriki. Maneno 10 kwa siku, siku 5 kwa wiki, Kilatini kinakwisha kwa wiki 20, Kigiriki kwa wiki 10. Kwa njia A unafanya 20 kwa siku pamoja na marudio ya yale ya nyuma, na marudio ndiyo yanayokula muda. Kwa hiyo ushauri wangu: B mwaka wa kwanza, Kigiriki ukiongeze mwaka wa pili.

mlinzi_wa_aoristi
Kamusi, hesabu yako naikubali, hitimisho silikubali. Kigiriki kinachoahirishwa mara nyingi hakianzwi kabisa. Mwaka wa pili kuna insha za fasihi, kuna historia, na saa 8 za wiki za kuanza alfabeti mpya hazipatikani. Mwaka wa kwanza ndio pekee ambao ratiba bado ina nafasi.

Na kwa mtu wa pwani yetu hii kuna sababu ya pekee ya kukitaka Kigiriki. Maelezo ya kale kabisa ya mwambao wetu yaliyotufikia yako kwa Kigiriki: ule mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1 B.K. unaoitwa Periplus wa Bahari ya Erithrea. Sura ya 16 inaitaja Rhapta, soko la mwisho la Azania (jina la kale la mwambao wetu), na inasema wazi kwamba jina hilo limetokana na vyombo vya kushonwa, ῥαπτὰ πλοιάρια. Msomaji anayeijua mitepe ya Lamu, iliyoshonwa kwa kamba za nazi, analielewa neno hilo haraka kuliko mwingine yeyote darasani. Sura zenyewe ni fupi, aya moja moja, na Kigiriki chake ni cha wafanyabiashara. Muhula wa pili ukifika mwisho unaweza kuisoma sura ya 16 kwa kamusi bila kuzama.

Kirejeshi
Hakuna aliyemwambia Mwanagenzi jambo linalomhusu zaidi: Mswahili haanzi mikono mitupu. Vitabu vingi vya kufundishia vimeandikwa kwa wasemaji wa Kiingereza, kwa hiyo vinatumia kurasa nyingi kueleza mambo ambayo sisi tunayo tangu utotoni, na vinapita kimya pale ambapo sisi tunajikwaa.

Tulicho nacho: upatanisho. Puer bonus, puella bona, oppidum bonum (mvulana mwema, msichana mwema, mji mzuri) haimshangazi mtu anayesema mtoto mzuri, kitabu kizuri, mahali pazuri. Nafsi iko ndani ya kitenzi: amat ni "anapenda", neno moja kwa neno moja. Hata dhamira tegemezi tunayo. Imperat servo ut eat ni "anamwamuru mtumwa aende", na ile -e ya "aende" inafanya kazi ile ile.

Tunakojikwaa ni kutatu, na ni vizuri uvijue vituo hivi mapema.

Kwanza, mwanzo wa kitenzi chetu haubagui. "Nilimwona" na "nilimwandikia" zote zina -mw-. Kilatini kinabagua: eum vidi, lakini ei scripsi. Kwetu kazi ya "kwa ajili yake" imebebwa na kauli ya kutendea, ile -i- ya "andikia". Kwao imebebwa na umbo la dativu (uhusika wa anayepewa au anayetendewa) kwenye nomino au kiwakilishi. Mswahili huandika eum scripsi bila kuona kosa, kwa sababu sikio lake linasikia -mw- ile ile. Dawa: kila unapotafsiri, jiulize kama kitenzi cha Kiswahili kimenyambuliwa kwa -ia au -ea. Kama ndiyo, mara nyingi kinachofuata ni dativu.

Pili, kirejeshi. "Kitabu nilichokisoma", "kitabu kilichopo hapa": -cho- inafuata ngeli ya kitabu, basi. Kilatini kinachukua jinsia na idadi kutoka kwa nomino iliyotangulia, lakini uhusika kinauchukua ndani ya kishazi chenyewe. Liber qui hic est, kwa kuwa kitabu ndicho kilichopo. Liber quem legi, kwa kuwa kitabu kimesomwa. Ukiandika liber qui legi umefuata Kiswahili.

Tatu, nyakati. "Anamwamuru aende", "alimwamuru aende": "aende" haibadiliki. Kilatini kinabadilisha: imperat ut eat, lakini imperavit ut iret. Kitenzi kikuu kikiwa cha wakati uliopita, tegemezi nacho kinarudi nyuma. Kosa hili linadumu hadi mwaka wa tatu kwa sababu tafsiri ya Kiswahili inatoka sahihi vilevile, kwa hiyo mtu hajigundui anaposoma. Linafichuka anapotakiwa kuandika Kilatini chenyewe. Chagua kozi yenye zoezi la kutafsiri kuingia Kilatini, hata kama ni sentensi 5 kwa wiki.

Seminari_Kusini
Kirejeshi, shukrani kwa hayo. Niongeze kwa waliopitia seminari ndogo na kukutana na Kilatini cha Kanisa. Msamiati mnao, na huo ni mtaji mkubwa. Tofauti itakuwa mambo mawili. Matamshi: vyuo vingi hutumia yale ya enzi za Cicero, yaani ya Warumi wa kale, hivyo caelum husomwa "kailum" badala ya "chelum", na v husomwa kama w. Hilo ni la wiki mbili. Kubwa ni urefu wa irabu, ambao vitabu vya sala kwa kawaida havionyeshi. Venit ni "anakuja", vēnit ni "alikuja". Liber ni kitabu, līber ni mtu huru. Mashairi yote ya Kilatini yamepimwa kwa urefu huo. Asiyeujua hawezi kupima hata mshororo mmoja wa mshairi Vergilius. Kila neno jipya liandike daftarini pamoja na mstari wake wa juu tangu siku ya kwanza.

mlinzi_wa_aoristi
Na Kigiriki vivyo hivyo kwa alama za mkazo. Watu huziruka wakidhani ni mapambo. τίς ni "nani?", τις ni "fulani". Sisi tunazo "barabara" mbili, ile ya magari na ile ya kazi iliyofanywa sawasawa, zinazotofautishwa na mkazo tu. Wagiriki wameiandika tofauti hiyo, kwa hiyo ifaidi.

Bi_Mkalimani
Naona njia B na C zimesahauliwa, nami ndiko ninakofundisha.

Mwanagenzi, Kifaransa cha kidato cha nne kwa kawaida ni A2 (kwenye ngazi za Ulaya za lugha, A1 ya chini hadi C2 ya juu), kikiwa kizuri sana kinakaribia B1. Digrii inategemewa kukufikisha C1, na ngazi ngumu ni ile ya B1 kwenda B2. Hapo sarufi umeshaimaliza ila husikii watu wanaposema kwa kasi, na insha zako zinakuwa Kiswahili kilichovikwa maneno ya Kifaransa. Kinachovusha ni kusikiliza kila siku kwa dakika 30 au 40 ukiandika unachosikia, kisha kulinganisha na maandishi. Hili Kilatini hakikudai, kwa hiyo B inakutaka uwe wanafunzi wawili: mmoja wa kimya na kamusi, mwingine wa redio na mazungumzo. Ratiba ya saa moja baada ya nyingine haifai. Tenganisha: lugha ya kale asubuhi, lugha hai jioni.

Kilatini kinasaidia Kifaransa, ila si kwa namna watu wanavyodhani. Hakitakufundisha kuongea. Kinakueleza kwa nini. Kwa nini wakati ujao ni chanterai? Kwa sababu umetokana na cantare habeo, "nina la kuimba", na ile -ai ya mwisho ni j'ai. Ukishaliona hilo, viambishi vya wakati ujao havikaririwi tena, vinafanana na avoir ("kuwa na").

Na uzamili: hapa C ina nguvu ambayo wengi hawaioni. Programu nyingi za juu za lugha za kale Marekani hutaka usome Kijerumani pamoja na Kifaransa au Kiitalia, kwa sababu sehemu kubwa ya utafiti wa karne ya 19 na ya 20 iko humo. Mtu mwenye Kilatini, Kigiriki na Kiingereza pekee bado ana pengo.

ramani_ya_vyuo
Kwa ufupi kuhusu mahali.

Cambridge: digrii ya lugha za kale ni miaka 3 kwa mwenye Kilatini, miaka 4 kwa asiye nacho, Kigiriki kinaweza kuanzwa pale pale. Pale pale kuna digrii ya lugha za kisasa inayokuruhusu kuunganisha lugha hai moja na Kilatini au Kigiriki cha kale, mwaka wa 3 ukiwa nje ya nchi. Hiyo ndiyo B yako iliyo kamili, lakini ada ya mgeni Uingereza ni kubwa. Usiombe bila mpango wa ufadhili.

Ujerumani: digrii ya kwanza ni mihula 6, krediti 180, na unaweza kuchukua masomo mawili, mfano Kilatini na Kifaransa. Vyuo vya umma kwa sehemu kubwa havitozi ada ya masomo; jimbo la Baden-Württemberg linatoza wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kijerumani chako kinatakiwa kifike DSH-2 au TestDaF 4 katika sehemu zote nne (hiyo ni mitihani ya Kijerumani ya kuingilia chuo). Vyeti vya Latinum (Kilatini) na Graecum (Kigiriki) pia huhitajika kwa lugha za kale, na kozi zake hutolewa vyuoni. Kabla ya yote, kagua cheti chako cha kidato cha sita kwenye anabin, hifadhidata ya Ujerumani ya kutathmini vyeti vya nje. Huenda ukatakiwa kupitia mwaka wa maandalizi.

Afrika msiisahau. Legon (Ghana), Ibadan (Nigeria), Zomba (Malawi) na Stellenbosch (Afrika Kusini) zote zina ufundishaji wa taaluma hizi. Ukiandika kuulizia, uliza swali moja mahususi: mwaka huu lugha yenyewe inafundishwa hadi ngazi gani? Kozi nyingi zenye jina hili, popote duniani, zina historia na falsafa kwa tafsiri, na lugha ni hiari ya mwaka mmoja.

Mwanagenzi_HKL
Nawashukuru sana, nimeandika yote. Naelekea B, Kigiriki nikianze likizo ya kwanza. Swali dogo: nimejaribu kutafuta ἤνεγκον kwenye kamusi, sikulipata. Nakosea wapi?

kamusi_mkononi
Hukosei. Ni kama mgeni anayejifunza Kiswahili akitafuta "njoo" karibu na "ja". Kamusi imepanga kwa umbo la kwanza, kwa hiyo ἤνεγκον iko chini ya φέρω. Kilatini nacho kina mtego kwenye kitenzi kile kile: tulit hutaikuta mpaka ujue fero, ferre, tuli, latum.

Fanya hivi. Ingiza neno kama lilivyo kwenye tovuti za kamusi za Logeion au Perseus, zote ni bure, nazo zitakuonyesha shina. Usisome maana kwanza. Andika daftarini maumbo yote ya msingi ya kitenzi hicho, kisha funika ukayaandike tena bila kuangalia, halafu ndipo ufungue maana. Kompyuta ikikataa alama za mkazo, ongeza kwenye mipangilio kibodi inayoitwa Greek Polytonic. Ile ya Kigiriki cha kawaida haina alama zote. Na vitenzi vya namna hii, vinavyokopa mashina kutoka sehemu mbalimbali, ni vichache: anza na λέγω, ὁράω, ἔρχομαι, αἱρέω na huyu φέρω. Vitano hivyo ukivimaliza kabla chuo hakijafunguliwa, utakuwa umelipa sehemu nzito ya muhula wa kwanza.