Mrejesho: PhD ya mzunguko wa kaboni na kuoza kwa miamba

Wakuu, niliuliza kama mtu wa kemia anaweza kuomba PhD ya kaboni na kuoza kwa miamba (miamba kuvunjika polepole kwa maji na hewa). Anaweza, nimepata nafasi yenye ufadhili! Mlionishauri nimwandikie msimamizi kwanza, Mungu awabariki.

Nilimwandikia kuhusu reniamu, metali adimu. Wengi tunajua basalti (mwamba wa volkano) ikioza hunyonya kaboni dioksidi. Ila miamba iliyotokana na matope ina kaboni ya kale, ikikutana na oksijeni inarudi hewani. Makadirio ya 2023 ni tani milioni 68 za kaboni kwa mwaka duniani kote. Reniamu hukaa pamoja na kaboni hiyo, na kaboni ikirudi hewani yenyewe huyeyuka majini, kwa hiyo ukiipima kwenye maji ya mto unaweza kukadiria kaboni iliyorudi hewani. Akajibu siku hiyohiyo.

Wenye kemia, ombeni tu.