Adhabu ya kifo: ifutwe, itekelezwe, au iendelee kusubiri saini?

MLETA MADA
Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili bila kuogopana. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinasema kwamba anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia atahukumiwa kifo, yaani kunyongwa, na jaji hana adhabu nyingine ya kumpa. Hata hivyo, tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa. Mwezi Septemba 2017, alipomwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba hatasaini hati za kunyonga. Mimi naona adhabu hii ifutwe, kwa sababu mahakama zinaendeshwa na binadamu wanaoweza kukosea, na aliyekwisha kunyongwa hakuna rufani inayoweza kumrudisha. Wanaoitetea, kwa maoni yangu, wanasukumwa na kisasi tu.

DADA WA MAREHEMU
Nimekusoma kwa utulivu mpaka nilipofika kwenye neno "kisasi", na hapo mikono ikaanza kunitetemeka. Kaka yangu alikuwa dereva wa bodaboda. Alikodiwa jioni na abiria wawili, asubuhi akakutwa ndani ya shamba la mkonge, pikipiki haipo. Mmoja wao hakupatikana mpaka leo. Kesi ya yule aliyekamatwa ilichukua miaka sita. Tulikuwa tukifika mahakamani tunaambiwa upelelezi haujakamilika, inapangwa tarehe nyingine, tunarudi stendi. Siku ya ushahidi helmeti yake ilitolewa kwenye mfuko wa kaki, imefungwa kikaratasi chenye namba ya kielelezo, na ndani yake kilikuwamo bado kipande cha kitenge ambacho mama alikishonea humo ili isimbane kichwa. Mama aliitambua kwa kitenge kile. Nakuuliza, mwenye kisasi hupanda basi la alfajiri kwa miaka sita kwenda kumsikiliza jaji? Mwenye kisasi angekuwa ameshawatafuta vijana wa mtaani na dumu la petroli. Sisi jambo letu tuliiachia Serikali, na leo unatuita watu wa kisasi.

MLETA MADA
Pole sana, dada yangu. Neno lile nalifuta, na nakuomba radhi mbele ya wote. Hoja yangu kuhusu mahakama kukosea bado naishikilia.

MKULIMA WA KILOLO
Dada, Mungu ailaze roho ya kaka yako mahali pema. Mwalimu aliyaona haya mapema. Said Mwamwindi alipompiga risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Kleruu, siku ya Krismasi mwaka 1971, alishtakiwa, akahukumiwa, akanyongwa, na wala hatukusikia mtu akisema kwamba nchi imekosa utu. Tangu hapo ni mkuu gani wa mkoa aliyeuawa shambani kwa mtu? Sheria ikiogopwa, watu wanaishi.

MJUKUU WA ISIMANI
Shikamoo mzee wangu, lakini hapo siwezi kunyamaza. Mwamwindi hakuwa jambazi. Alikuwa mkulima wa Isimani, na ugomvi wake na Mkuu wa Mkoa ulizuka shambani kwake, katika siku zile za kuanzishwa kwa vijiji vya ujamaa. Baada ya kumpiga risasi aliupakia mwili kwenye gari la marehemu mwenyewe, akaendesha hadi polisi mjini Iringa, akajisalimisha. Mtu anayejipeleka mwenyewe kwa polisi, kamba ingemtisha vipi kabla hajafyatua bunduki? Mwenye hasira hapigi hesabu.

MKULIMA WA KILOLO
Marahaba. Lakini mbona kila simulizi ya jambo lile huanza na machungu ya aliyeua? Dk. Kleruu naye alikuwa mtoto wa mtu, msomi aliyetumwa na Serikali kufanya kazi, akaondoka nyumbani siku ya sikukuu na kurudishwa maiti. Je, unataka kusema alistahili?

MJUKUU WA ISIMANI
Usinilishe maneno, mzee wangu. Sijasema alistahili, wala hakuna mtu wa kwetu mwenye akili timamu anayesema hivyo. Wewe ndiye uliyelileta jina la Mwamwindi hapa kama kinyago cha kutishia watoto, ilhali kwetu hilo ni jina la mtu ambaye wazee walimfahamu.

WAKILI
Naomba niingie kati, kwa maana nyote wawili mmeligusa jambo ambalo ndilo kiini cha sheria yenyewe. Ikionekana kwamba mshtakiwa alichokozwa akapandwa na ghadhabu ya ghafla, kosa hushuka na kuwa kuua bila kukusudia, na hapo jaji ana uhuru wa kupima adhabu. Utetezi huo ukikataliwa, hata kwa kukosa hatua moja tu, anahukumiwa sawasawa na muuaji wa kukodiwa. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Dodoma, katika kesi ya Mbushuu, aliamua kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha, lakini ikaiokoa kwa Ibara ya 30(2), ikisema kwamba inalinda maslahi ya umma. Mahakama ya Juu ya Uganda mwaka 2009, na ile ya Kenya mwezi Desemba 2017, ziliondoa ulazima wa adhabu hiyo bila kuifuta yenyewe. Uganda ikaongeza kwamba aliyekaa zaidi ya miaka mitatu akisubiri baada ya rufani yake kukwama abadilishiwe kuwa kifungo cha maisha. Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, iliiambia Tanzania kwamba ulazima huo unavunja haki ya kuishi.

MKULIMA WA KILOLO
Arusha, Kampala, Nairobi. Na mwananchi wa Kilolo ameulizwa lini?

WAKILI
Swali lako ni la haki, mzee. Nami nakuuliza: mwezi huohuo wa Novemba 2019 Serikali yetu iliondoa tamko lililomruhusu mtu binafsi kupeleka shauri lake katika mahakama hiyo moja kwa moja. Je, mwananchi wa Kilolo aliulizwa?

MZEE WA BARAZA
Wanangu, niliketi kama mzee wa baraza, yaani raia anayemshauri jaji, katika vikao vya Mahakama Kuu kwa miaka mingi, na nitasema niliyoyaona. Katika kikao kimoja tulisikiliza kesi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya watu watatu waliolipwa fedha wamkate mapanga bibi kizee aliyetuhumiwa uchawi. Ya pili ilikuwa ya kijana aliyempiga baba yake wa kambo kwa mchi usiku, katika ugomvi wa kumtetea mama yake. Wote wanne walitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia. Ulipofika wakati wa kumwombea kijana yule huruma, wakili wake alisimama akasema, "Mheshimiwa Jaji, sheria imeweka adhabu moja tu, sina la kuongeza," akaketi. Kijana akamwinamia, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Ndiyo umemaliza?" Nilikuwa karibu, nilimsikia.

Sitawaficha: wale watatu wangenyongwa kesho yake, nisingelia. Lakini yule kijana na wale watatu walisomewa maneno yaleyale, wakapandishwa karandinga moja, na miaka kumi na minne baadaye sijasikia kwamba yeyote kati yao ameitwa. Jaji angekuwa na nafasi ya kupima, angewatenganisha siku ileile. Dada uliyefiwa na kaka, mwanangu, wewe unaona je?

DADA WA MAREHEMU
Shikamoo mzee wangu. Umeniuliza kwa heshima, nami nitakujibu kweli. Aliyemuua kaka yangu alihukumiwa kunyongwa, na siku ile mama alipiga magoti palepale nje ya mahakama akamshukuru Mungu. Tulidhani limekwisha. Tangu hapo hakuna barua, hakuna simu, hakuna ofisi iliyotueleza kama hukumu ile ina tarehe au haina. Sitaki tena kubishana iwapo kamba ni haki au si haki. Ikiwa ni kamba, Serikali iseme ni kamba. Ikiwa ni kifungo cha maisha, ibadilishe sheria na iseme ni maisha, tena ituite sisi tuliofiwa ituambie uso kwa uso.

Mtoto wa kaka alikuwa na miaka minne baba yake alipouawa, na sasa yuko kidato cha pili. Mwezi uliopita alinikuta uani nikifua, akaniuliza, "Shangazi, yule mtu alishanyongwa?" Nikamwambia bado. Akauliza ni lini. Nilimtuma akaniletee maji ya kusuuzia, na alipoyaleta alisimama pale na ndoo mkononi, akawa bado ananisubiri nijibu.