Naomba ushauri: nipige nyimbo gani kwa kinyozi?

Hamjambo wadau. Nina kinyozi hapa Kondele, Kisumu, viti viwili na spika moja kubwa. Wimbo mpya wa Marekani ukitoka naupakua usiku, asubuhi nauweka. Sasa wateja wamegawanyika.

Ile "luther" ya Kendrick Lamar na SZA, ya 2024, kwangu ni tamu ajabu. Kendrick ametulia, hagombani na mtu. Vijana wa boda wakanuna, wanamtaka yule Kendrick mgomvi wa "Not Like Us", mdundo wa prodyuza Mustard unaotikisa kioo. Lakini mzee mmoja, mashine ikiwa kisogoni, alinishika mkono: "Ngoja kijana, huyo si Luther Vandross?" Kweli, sauti ile imetolewa kwenye wimbo aliouimba na Cheryl Lynn 1982, nao awali ulikuwa wa Marvin Gaye na Tammi Terrell, 1967. Nusura nimkate sikio.

Halafu kuna "APT." ya Rosé na Bruno Mars. Kibwagizo kinanata kama ulimbo, watoto wanakiimba huku wananyolewa, ila mara ya tatu, mnisamehe, kinachosha.

Mwenzangu wa kiti cha pili anasema tuache haya yote tupige ohangla, muziki wetu wa Kiluo. Naipenda ohangla, lakini kutwa nzima?

Wenye kazi kama hii, Kisumu au Nakuru, mnapangaje? Asubuhi ya wazee, jioni ya vijana? Na wimbo mgeni mnaujaribu kwanza kwa nani? Yule mzee anarudi Jumamosi.