Mlango wa kuteleza wa bafuni unapitisha sauti, nifanyeje?

Wakuu, mlango unaning'inia kwenye reli ya juu. Sauti zinasikika nje, na pembeni mtu anaona ndani. Nianzie wapi?

— Anza na mianya, maana sauti hupita popote hewa inapopita. Mlango uzidi uwazi wa ukuta kwa sentimita 5 kila upande. Kisha bandika ukanda wa brashi (utepe wenye nywele fupi za kuziba mwanya) kwenye fremu. Futa kwanza kwa spiriti. Gundi haishiki penye vumbi au unyevu.

— Brashi izidi mwanya kwa milimita 1 au 2 tu, ikizidi hapo mlango unakuwa mgumu kusukuma.

— Mlango wenyewe ukiwa mwepesi, brashi haitoshi. Weka wa mbao nzito, ila hakikisha magurudumu yanamudu uzito huo. Chini usizibe kabisa kama feni ya kutoa hewa bafuni inavuta hewa kupitia hapo.