Nimeambiwa chakra ya moyo imeziba, niache dawa za presha. Naombeni ushauri

BintiUpareni
Habari zenu wakuu. Tangu tumzike mama, usingizi wangu ni wa kubahatisha. Nikilala moyo unaenda mbio, kifua kinabana. Hospitali wamenipima, wakasema moyo hauna tatizo ila presha imepanda, nikaanzishiwa propranolol. Mapigo yametulia kiasi, usingizi bado.

Rafiki yangu akanipeleka kwa dada anayetoa tiba ya nishati. Unalala kwenye mkeka, anachoma udi, anapitisha viganja juu yako bila kukugusa. Nikitoka pale najisikia mwepesi kwa kweli. Mara ya kwanza nililia mpaka nikapitiwa na usingizi. Sasa anasema chakra yangu ya moyo, yaani kituo cha nishati cha kifuani, imezibwa na majonzi, na vidonge vinazuia nishati kupita, niviache kabla ya awamu ijayo. Awamu yenyewe laki tatu na nusu. Anasema ndivyo Wahindu wa kale walivyofundisha.

Je, ni kweli? Na dawa niache? Mimi ni Mlutheri, hilo nalo linanisumbua.

Kaka_Mbagala
Pole sana kwa msiba, dada. Dawa usiache. Hela yako pia ishike.

sista_wodini
Pole mpendwa. Propranolol haikatwi ghafla. Ukiikata, mapigo yanaweza kurudi kwa kishindo kuliko mwanzo na presha ikapanda nayo. Daktari akiona haikufai, atakupunguzia taratibu.

Huo wepesi unaousikia ni wa kweli. Umelala kimya, kuna mtu anakujali, pumzi imeshuka tumboni. Kila ukitoa pumzi, neva ya vagasi hupunguza kasi ya moyo kidogo, ndiyo maana pumzi ndefu za kutoka hutuliza. Na kilio ulichokuwa umekibana kimepata pa kutokea.

Niliyesoma_Pune
Mwenye nyumba wangu kule Pune, India, alikuwa bibi wa Kihindu. Kila alfajiri alikaa barazani, mgongo wima, kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia amevikunja. Kidole gumba kinaziba pua ya kulia, anavuta kwa kushoto. Halafu kidole cha pete kinaziba kushoto, anatoa kwa kulia. Polepole, bila sauti. Hakuwa akimlipa mtu.

Kwamba majonzi yanaingia mwilini, mafundisho hayo ni ya kale kweli. Taittiriya Upanishad, andiko takatifu la Kihindu, inamweleza mtu kwa tabaka: la chakula, la prana yaani pumzi ya uhai, la akili, na mengine ya ndani zaidi. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha yoga cha karne ya 15, inasema pumzi ikitikisika akili nayo hutikisika, pumzi ikitulia nayo hutulia.

Chakra ni habari nyingine. Hata idadi yake maandiko hayakubaliani. Mpangilio unaojulikana sana leo, wa sita na ile ya utosini, unatoka kwenye andiko la Kisanskriti la mwaka 1577, ambalo jaji Mwingereza wa Kalkuta, John Woodroffe, alilitoa kwa Kiingereza mwaka 1919. Humo chakra ya moyo, anahata, ni yungiyungi la petali 12 ambalo mwenye kutafakari analijengea picha mwenyewe akilini. Zile rangi za upinde wa mvua ziliongezwa Magharibi karne ya 20. Kupitisha viganja kunafanana zaidi na Reiki, iliyoanzishwa na Mikao Usui huko Japani mwaka 1922.

Na hili la dawa ndilo linaloniudhi. Charaka Samhita, kitabu cha kale kilicho nguzo ya Ayurveda, tiba ya jadi ya India, inasema maradhi yana makao mawili, mwili na akili, kisha inataja mamia ya mimea ya kutibia. Watu waliochemsha mizizi na magome karne zote hizo, leo wasingiziwe kwamba walikataza dawa?

Mtoto_wa_Kisutu
Mimi ni Mhindu, mzaliwa wa Dar. Kaka wa Pune amesema vizuri. Naongeza tu: kwetu pranayama, yaani mazoezi ya pumzi, na ibada haviachani, tunaomba iheshimiwe. Lakini hakuna atakayekutaka ubadili dini ili uvute pumzi. Mantra, yale maneno matakatifu ya kurudiarudia, kama inakukwaza, iache.

Mama_Kwaya
Mlutheri mwenzio hapa. Mimi huvuta pumzi taratibu huku nikisema Zaburi ya 23 moyoni. Mweleze na mchungaji wako, usibaki na dukuduku.

BintiUpareni
Asanteni, mmenitua mzigo. Dawa naendelea nazo, na dada nimemwambia awamu ile siifanyi. Hiyo ya kubadilisha pua naweza kuanza na presha hii?

sista_wodini
Ya polepole bila kubana pumzi, wengi wenye presha huimudu, ila mwambie daktari wako kwanza. Zile za kupuliza kwa nguvu, kapalabhati na bhastrika, usiziguse. Kizunguzungu kikija, acha. Kliniki omba pia mshauri nasaha wa mambo ya msiba. Na kifua kikibana huku maumivu yanashuka mkononi au unaishiwa pumzi, usisubiri kuche, nenda dharura.