Babu Mwairishi wa enzi za ukoloni Marekani: kipimo cha DNA, mtafiti wa Belfast au tovuti ya kulipia?

Mkwe wa Lancaster:
Wakuu, salaam. Mke wangu ni Mmarekani, na kwao husimuliwa kwamba babu wa kwanza alitoka Ireland kabla ya vita vya uhuru. Baba mkwe anakaribia kutimiza miaka 80, nasi tumechanga dola 600 ili tumzawadie jibu la mahali babu huyo alikotoka hasa. Je, tupime DNA, tumwajiri mtafiti aliyeko Belfast, au tulipie tovuti ya nasaba kwa mwaka mzima?

Mlinzi wa Nyaraka:
Ndugu, swali lako halina kichwa wala miguu. Jina la ukoo ni lipi, alifikia koloni gani, alikuwa wa dhehebu gani, na hati ya zamani kabisa mliyo nayo ni ya mwaka gani? Mpresbiteri wa Ulster, kaskazini mwa Ireland, hatafutwi pale anapotafutwa Mkatoliki wa Munster, kusini, ambaye parokia yake huenda haikuwa na daftari hadi mwishoni mwa karne ya 18 au hata baadaye. Mngekuwa na bahati ya Wakweka, dhehebu jingine la Kikristo, mikutano yao iliandika vyeti vya waumini waliohama.

Mkwe wa Lancaster:
Niwieni radhi. Ni John Moore, Mpresbiteri, na jina lake limo katika orodha ya kodi ya 1771, kaunti ya Lancaster, Pennsylvania.

Bi Mkubwa wa Leeds:
John Moore! Mwanangu, akina John Moore walikuwa wengi kama mchanga, kwa hiyo usimlipe mtu yeyote aliyeko Ireland kwa sasa. Sisi tulimwajiri mtafiti kwa ajili ya ukoo wa marehemu mume wangu, ambao babu yao alikuwa Virginia katika miaka ya 1750. Baada ya miezi mingi ya kimya alituletea kitabu kinene chenye jalada zuri, na ndani yake alikuwa ameorodhesha kila mpangaji mwenye jina letu katika tathmini ya Griffith, yaani orodha ya kukadiria kodi ya ardhi Ireland nzima. Tathmini hiyo ilichapishwa kati ya 1847 na 1864, yaani takriban miaka mia baada ya babu kuvuka bahari! Nilipomwuliza, alijibu kwamba nyaraka za zamani ziliungua katika jengo la Four Courts mjini Dublin tarehe 30 Juni 1922. Ni kweli ziliungua, lakini alilijua hilo kabla ya kupokea fedha zetu.

Damu Nzito:
Ndiyo maana nasema mpime. Karatasi huungua, kromosomu Y, ile sehemu ya DNA waliyo nayo wanaume, haiungui. Baba mkwe apimwe alama 111 za kromosomu hiyo, kisha alinganishwe na akina Moore wengine duniani. Huenda hata mkakuta mnatokana na Niall, mfalme wa kale wa Ireland.

Mlinzi wa Nyaraka:
Niall tumwache apumzike. Utafiti wa Trinity College wa 2006 ulihusisha kundi la kromosomu Y liitwalo M222 na ukoo wake, ila alama hiyo imeenea Scotland pia, na wengi wa Wapresbiteri wa Ulster walitokea huko. Kipimo kitakupa undugu, hakitakupa kijiji.

Damu Nzito:
Karatasi nazo zimekupa kijiji gani, mkuu, ikiwa hata jina la meli halijulikani?

Kijana wa Minneapolis:
Meli haitapatikana kirahisi. Pennsylvania ilianza kuandikisha wageni waliofika kwa meli mwaka 1727, lakini iliwalenga Wajerumani. Mwairishi alikuwa raia wa mfalme yuleyule wa Uingereza, hivyo hakuna aliyejishughulisha kumwandika, na orodha za abiria za serikali kuu ya Marekani zinaanzia 1820. Tunachojua ni kwamba meli zilizopeleka mbegu za kitani Derry, Newry na Belfast zilirudi Philadelphia zikiwa na abiria, wengi wakiwa watumishi waliojifunga kwa mkataba ili kulipa nauli. Waliotoroka walitangazwa katika gazeti la Pennsylvania Gazette, na mara nyingine tangazo lilisema walikozaliwa. Anzeni na tovuti ya nasaba ya FamilySearch, ambayo ni bure, kabla ya kulipia tovuti yoyote.

Mkwe wa Lancaster:
Ahsanteni. Nilisahau kueleza kwamba Moore ni ukoo wa mama yake baba mkwe.

Damu Nzito:
Sasa hilo ndilo la kusema mwanzo! Kromosomu Y hupita kwa baba hadi mwana pekee, kwa hiyo kipimo chake hakitamgusa John Moore hata kidogo. Mtafuteni mwanamume anayebeba jina hilo kwa kuzaliwa. Kipimo cha kawaida cha DNA nacho, baada ya vizazi sita au saba, kinabaki na chembe ndogo sana za huyo babu, kama zipo.

Mkwe wa Lancaster:
Yupo binamu huko Ohio, ila hataki mate yake yafike kwa kampuni yoyote. Je, hati za ardhi zitasaidia?

Mlinzi wa Nyaraka:
Kama aliomba ardhi, ramani ya upimaji inaweza kutaja majirani waliopakana naye, na watu wa Ulster walipenda kuhama pamoja na kukaa karibu. Jirani mwenye jina adimu ni rahisi kumfuata hadi Ireland kuliko John Moore. Hati hizo ziko katika hifadhi ya jimbo mjini Harrisburg, na nyingi zimewekwa mtandaoni.

Bi Mkubwa wa Leeds:
Na huyo binamu wa Ohio msimwache hivihivi. Mwulizeni kwa upole kama Biblia ya ukoo iko kwake, kwa maana mara nyingi humo ndimo vilimoandikwa vizazi na vifo.